Korongo Watatu wa Barabara ya 12

Kabla sijajua herufi nilijua kuhesabu hadi tatu, na walionifundisha ni ndege. Walikuwa korongo watatu wa chuma waliokatwa ndani ya gia kubwa ya baiskeli ya baba, shingo ndefu, midomo mbele, wanafukuzana na hawafikiani. Jioni baba aliipindua baiskeli uani kwetu, Ngamiani, Barabara ya 12, magurudumu juu, akaizungusha pedeli kwa kidole kimoja. Mimi nahesabu: mmoja, wawili, watatu, halafu yule wa kwanza huyo tena. Nilidhani ndege hao ni wa nyumbani kwetu. Nilikuwa darasa la sita nilipojua kwamba ni nembo ya kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, Uingereza, na kwamba korongo kama hao walikuwa wanazunguka kwenye barabara za nchi nisizoweza hata kuzitaja.

Baba ametangulia mbele ya haki. Baiskeli ipo. Mwezi uliopita niliipanda kwenda soko la Mgandini, nikasikia kitu kinalia chini yangu, kwii, kila nikikanyaga mguu wa kulia. Kufika nyumbani nikapangusa vumbi, nikaona ufa mwembamba kama unywele pale bomba la siti linapokutana na kitovu cha krenki. Mjukuu wangu, mwenye miaka kumi na tisa na pikipiki ya mkopo, aliinama akatazama.

"Bibi, hii imekwisha. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila siku, na mizani yao wanayo."

Nikamwambia aache maneno, anisaidie kuisukuma hadi Makorora.

Makorora yuko fundi aliyejifunza kazi kwa baba uani kwetu akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Wakati ule alinibeba kwenye keria; leo ana mvi kunishinda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, binti fundi. Na huyu mzee naye yu hai?" Alikuwa anaisalimia baiskeli.

Akaugusa ufa kwa ukucha, akatikisa kichwa, akasema hawezi kuchomelea fremu ikiwa imevaa nguo. Kwa hiyo akaivua. Kuanzia asubuhi hadi adhuhuri nilikaa kwenye benchi lake nikitazama kila kipande kinavyotoka na kupangwa juu ya gunia. Mwalimu mstaafu ana haraka gani? Na hapo juu ya gunia nikaona jambo ambalo miaka yote nimelikalia bila kuliona. Watu mtaani huiita "Raleigh ya marehemu fundi", kumbe cha Raleigh kilichobaki ni fremu, foku na gia yenye ndege. Vingine vyote viliingia kimoja kimoja, kila kimoja na zama zake, na aliyevioanisha ni fundi wa Ngamiani. Nikajisemea, hiki si chombo cha usafiri tu, ni daftari.

Watani wetu wa Dar es Salaam hutucheka kwamba Tanga hata bwana harusi huja kwa baiskeli. Waache wacheke. Mji wetu umelala tambarare kando ya bahari, na barabara za Ngamiani zimenyooka kama mistari ya daftari la hesabu, zina namba badala ya majina. Mtu wa Barabara ya 4 akisikia msiba Barabara ya 19, kabla hajauliza nauli ameshafika. Ardhi kama hiyo ikikutana na mshahara mdogo, baiskeli haihitaji kubembelezwa.

Yaliyotoka kwanza ni magurudumu, na katika magurudumu, matairi. Matairi ya sasa ni ya Kihindi, niliyanunua mwenyewe. Lakini habari ya tairi ilianza kabla baba hajazaliwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma. Baiskeli zetu zote ni wajukuu wake. Mwaka 1888 huko Belfast daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, akapata hataza ya tairi la upepo, alilolibuni kwa ajili ya kibaiskeli cha mwanawe. Viwili hivyo vilipokutana, Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli, na wazimu huo ukadai mpira. Huko Kongo ya Mfalme Leopold watu waliulipia kwa mikono yao, iliyokatwa. Huku kwetu Wajerumani walipanda miti ya mpira kutoka Brazili, ndugu wa muhogo, mashamba kwa mashamba upande wa Muheza. Bei ilipanda, watu wakatajirika, na kufikia 1913 mpira wa Asia ulikuwa umeiangusha. Mashamba yakaachwa.

Mti haukuondoka. Ndio huo ambao majani yake tunayatwanga, tunayatia nazi na kuyaita kisamvu cha mpira. Kila nikikikoroga huwa nacheka peke yangu jikoni. Mti ulioletwa kuyavisha magurudumu ya Wazungu umeishia kando ya ugali wangu.

Mpanda baiskeli wa kale kuliko wote ninayeweza kumtaja kwa jina na kwa usiku wake hapa Tanga ni mwanajeshi: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914 meli za Waingereza zilikuwa zimejaa bandarini, askari wao wameshateremka Raskazone, na mji ulikuwa mtupu. Yeye na wenzake wawili walipanda baiskeli wakaingia mjini gizani kupeleleza. Ameandika mwenyewe kwamba waliziacha baiskeli hospitalini, wakashuka ufukweni kwa miguu, wakazitazama meli zinavyong'aa kwa taa. Kesho yake ndiyo ile vita ambayo wazee wetu huikumbuka kwa nyuki waliowavamia askari. Nikipita Bombo, pale kwenye jengo la hospitali ya Wajerumani, huwa nazifikiria baiskeli zile tatu zilizoegemezwa ukutani. Hakuna aliyeandika kama zilikuwa na pancha asubuhi yake.

Fundi aliiegemeza fremu kwenye mwarobaini. Ikiwa uchi inaonekana ndogo. Mabomba yake ni membamba kuliko mtu anavyodhani. Nguvu yake imo kwenye viungo, pale mabomba yanapoingia ndani ya vikombe vya chuma na kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Shaba haiyeyushi chuma, inapenya tu katikati yake na kukishika. Hilo nililisikia kwa baba mara nyingi kuliko dua za kulala.

Baba alitoka Kasulu, Buha, mwaka 1951, kama manamba. Mwaka huo bei ya mkonge ilikuwa juu kwa sababu ya vita vya Korea, na mashamba ya Tanga yalikuwa yanazoa vijana kutoka Buha, Ungoni, Ubena hadi Burundi. Mkonge wote huo mzazi wake ni miche 62 iliyosalimika safarini mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf alipoiagiza kutoka Florida. Mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini. Siku ukimaliza ngwe yako unawekewa alama, na mshahara haulipwi mpaka kadi ijae. Baba alihesabu maisha yake kwa vipande. Baiskeli, alisema, ilimgharimu vipande kumi na vinne vya kula mlo mmoja.

Kwa nini baiskeli, na si ng'ombe? Kwa sababu dukani kulikuwa na picha. Mtu mweusi juu ya Raleigh anakimbizwa na simba, naye anacheka. Baba hakuwahi kukimbizwa na simba, ila mnyapara alimfahamu. Wenzake wa Kasulu waliponunua baiskeli zao walizipakia kwenye treni wakarudi kwao, wakapokelewa kama maharusi. Yeye alirudisha yake pale pale dukani, akamwomba mwenye duka kazi.

Baiskeli zilikuja kutoka Ulaya vipande vipande ndani ya makasha, fremu zimezungushiwa karatasi yenye grisi. Mwenye duka, Mhindi, alikuwa na mafundi wawili wa kuziunga. Baba akawa wa tatu, wa kufungua misumari ya makasha na kunyoosha karatasi ile ili iuzwe kwa wafunga vitumbua. Miaka miwili baadaye alikuwa anasuka magurudumu.

Kusuka gurudumu ndiyo shahada ya fundi baiskeli. Raleigh ilitaka spoku 32 mbele na 40 nyuma, na kila moja inapita juu ya wenzake na chini ya mwenziwe kama ukili wa mkeka. Ringi ikishasukwa huwa bado ni kilema. Baba aliweka gurudumu kwenye foku iliyopinduliwa, akalizungusha, akasogeza kipande cha chaki taratibu mpaka kiguse. Chaki ikiacha alama mahali pamoja tu, ringi imetoka nje hapo. Anakaza spoku ya upande wa pili robo mzunguko, anailegeza ya upande huu robo mzunguko, anazungusha tena. Kazi yangu ilikuwa kupangusa chaki kwa kitambaa cha maji. Mwisho alipitisha ukucha kwenye spoku zote, moja baada ya nyingine, ameinamisha kichwa. Zilizokazwa sawa hulia sauti moja. Ikitokea moja inalia nzito, alirudia. Mteja akinung'unika kwamba anachelewa, baba alimwambia, "Hii moja ikilala, tisa zitachoka kwa ajili yake." Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne na sijaona sentensi bora ya kumweleza mzazi habari ya mtoto mtoro.

Fundi wa Makorora aliponyanyua keria aliguna kwa uzito. Keria iliyokuja na Raleigh ilikuwa ya kubebea mkoba wa karani. Sisi tulitaka kubeba karani mwenyewe. Mafundi wa Ngamiani wakazing'oa za kiwandani, wakachukua nondo, wakaipinda kwenye kisiki cha mwembe, wakaongeza miguu miwili inayoshuka hadi kwenye ekseli ili uzito ubebwe na gurudumu badala ya fremu. Juu yake ubao, na juu ya ubao kijimto cha ngozi bandia kilichojazwa usumba wa nazi. Keria ya namna hiyo imepandisha magunia ya mkaa, machungwa ya Muheza, matenga ya samaki kutoka Deep Sea, wagonjwa, na bibi harusi mmoja ninayemjua, aliyekaa upande upande ameshika ushungi kwa meno.

Mizigo hiyo zamani ilifungwa kwa kamba ya katani. Tungefungia nini kingine Tanga? Lakini katani ikinyeshewa hukaza na ikikauka hulegea, mzigo ukalala upande. Mafundi wakaanza kuchana tyubu zilizokufa kuwa mikanda mirefu. Mpira unavuta muda wote, kiangazi na masika. Uani kwetu hakuna tyubu iliyotupwa. Ilizibwa mpaka viraka vikashikana mikono, kisha ikawa mikanda, na mikanda ilipokatika ikawa manati za wanangu.

Halafu kuna friwili na pedeli, na hapo daftari linaingia kwenye ukurasa mgumu. Friwili ni ya Phoenix, kutoka Shanghai. Ilikuja zama za Reli ya Uhuru, TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Wachina walituuzia bidhaa zao madukani, na fedha zilizopatikana zikalipia gharama za ujenzi za humu nchini. Kwa hiyo kila aliyenunua kitu cha Kichina miaka ile alichangia taruma la reli, ajue asijue. Baba hakuipenda Phoenix kwa rangi yake, lakini friwili yake aliisifu, akasema inalia kama saa. Pedeli ni za Swala, baiskeli yetu wenyewe iliyoundwa Dar es Salaam na kiwanda cha umma. Mtu aliyeendesha Swala enzi zile alikuwa na fahari ya kipekee, hata ilipomchubua muundi.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikaisha. Tairi likawa kitu cha kuandikiwa barua. Wenye majahazi na ujasiri walileta vifaa kwa njia za panya kutoka Mombasa. Baba alikuwa mwoga wa serikali, hakugusa magendo. Alishona. Tairi lililopasuka ubavu aliliweka kiraka cha turubai kwa ndani, akalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani uliopakwa nta, mishono midogo kama ya kofia ya kiua. Gololi zilizolika alizipanga kwa ukubwa ndani ya vifuniko vya chupa, akaoanisha zilizochakaa kiasi kimoja ili zizunguke pamoja. Solusheni ilipokosekana alilowesha mabaki ya mpira mbichi kwenye petroli siku mbili. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, matairi yalirudi madukani, na baba aliyashika akayanusa. Lakini sindano hakuitupa. Mafundi wa umri wa yule wa Makorora ni wahitimu wa miaka ile. Ujuzi wao mwingi ulitokana na kukosa.

"Na hili nalo?" Fundi alinyanyua kava la cheni, akanitazama kwa jicho la pembeni. Tulicheka wote wawili.

Mwaka 1973, nina miaka kumi na mitatu, niliiba baiskeli hiyo mchana baba akiwa amelala. Miguu haikufika nikiwa kwenye siti, hivyo nikapitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, tukaenda kiupande upande kama kaa. Nilifika Barabara ya 15. Buibui la mama nililojitanda likaingia kwenye mnyororo, likavutwa, nami nikavutwa nalo. Mama, Mdigo wa Chongoleani, alisema mbele ya majirani kwamba mwana wa kike na baiskeli ni mambo mawili, na buibui lake ni la tatu. Baba hakusema kitu. Usiku nilisikia mkasi wa bati. Asubuhi mnyororo wote ulikuwa umefunikwa kwa kava lililokatwa kutoka debe la mafuta ya kupikia, kingo zimekunjwa ndani zisikate kitambaa, na kwenye madigadi ya nyuma ametoboa matundu akasuka wavu wa uzi. Upande wa kulia aliacha dirisha la mviringo. Nilipomuuliza la nini, alisema, "Ndege wapate kuona njia."

Kwa kava hilo niliendesha kwenda Pongwe kufundisha kuanzia 1979, zama za elimu ya msingi kwa wote, wakati watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Kwenda na kurudi kila siku ya shule, daftari za wanafunzi kwenye keria. Walimu wenzangu wa kike wakaleta baiskeli zao uani kwetu, na baba akakata madebe mpaka jirani mwenye mgahawa akaanza kuyaficha.

Adhuhuri ilipofika fremu ilikuwa tayari. Kijana wa karakana ya pili, wa pikipiki, alikuwa amekuja na mashine ya umeme akajitolea kuuziba ufa kwa dakika mbili. Fundi alikataa kwa adabu. Umeme ungeyeyusha chuma chenyewe, akaeleza, na bomba hili ni jembamba. Litashika leo, keshokutwa litapasuka kando ya kovu. Akawasha gesi. Alipasha kiungo chote polepole, moto unazunguka, mpaka chuma kikawa chekundu, akagusisha ufito wa shaba. Shaba ikatulia kidogo, kisha ikakimbia yenyewe ndani ya ufa, kama maji yanavyoijua njia. Mjukuu wangu, aliyekuwa anachezea simu, aliiweka mfukoni.

Wakati chuma kinapoa nilimuuliza kama anajua kwa nini kazi yake inaitwa bodaboda. Hakujua. Nikamwambia ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960: vijana walibeba watu kwenye keria kutoka boda hii hadi boda ile, kwa baiskeli. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Akauliza, "Kwa keria kama hii?" Akaigonga nondo kwa kiatu.

"Kama hiyo. Ila ya kwao hakuipinda babu yako."

Fundi alifuta masizi kwa msasa. Pale palipokuwa na ufa pakabaki mstari wa njano unaong'aa kwenye chuma cheusi. Akachukua brashi na kopo la rangi nyeusi, nikamwambia aache. Aliniangalia, akaangalia mstari, akaweka kopo chini na kuanza kuivisha: krenki, gia, mnyororo, kava la debe, friwili ya Shanghai, pedeli za Dar es Salaam, keria ya kisiki cha mwembe. Spoku moja ya nyuma ilikuwa imelegea, akaisikia kwa ukucha, akaikaza robo mzunguko.

Aliipindua baiskeli magurudumu juu ili ajaribu. Mjukuu wangu alichuchumaa upande wa kulia, kwenye lile dirisha la mviringo, akaizungusha pedeli kwa kidole. Sikumfundisha. Nilisikia midomo yake inahesabu.